Je, Wajua? Mapenzi na Laana ya Buddu

Msomaji wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, Uganda, hana haja ya kuvuka bahari kutafuta riwaya ya mapenzi ya kale. Iko nyumbani.

• *Kintu*, riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda, inaturudisha hadi mwaka 1750. Mhusika mkuu, Kintu Kidda, ndiye Ppookino, yaani mtawala wa jimbo la Buddu, mbali na ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda.

• Kintu alimpenda Nnakato peke yake. Lakini Nnakato alikuwa pacha, na mila ilikataza mapacha kutenganishwa. Ikambidi amwoe na Babirye, dada yake.

• Akiwa safarini kwenda kumtambua Kabaka mpya, Kintu anampiga kofi Kalema, mtoto aliyemlea kama wake. Kijana anafariki. Ntwire, baba mzazi wa Kalema aliyetoka Rwanda, anaulaani ukoo mzima, na laana hiyo inawaandama wajukuu hadi Kampala ya mwaka 2004.

• Mswada wa riwaya hii ulishinda tuzo ya miswada ya shirika la fasihi la Kwani? mwaka 2013, ukachapishwa Nairobi mwaka 2014. Wasomaji wa Marekani waliupata 2017, wa Uingereza 2018. Afrika Mashariki ilitangulia kuutambua.

• Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, huandaa walimu wengi wa Uganda. Walimu hao wakiipeleka *Kintu* madarasani, vijana watajua kwamba mababu zao nao walipenda, waliumia na wanastahili kuandikwa.