Sauti Iuayo Nyangumi

Huenda mwadhani nyangumi ni samaki. Sivyo: ni mnyama anyonyeshaye mtoto wake, naye huvuta pumzi juu ya maji. Katika giza la kilindini hutegemea masikio.

Manowari nazo zina chombo kiitwacho sona. Hupiga sauti kali majini na kusikiliza mwangwi, zipate kugundua nyambizi za adui. Septemba 2002, manowari za NATO zilifanya mazoezi karibu na Visiwa vya Kanari, nchi ya Hispania. Saa chache baadaye nyangumi wakaanza kukwama ufukoni, jumla 14. Waganga wa wanyama walipowapasua walikuta mapovu ya hewa na damu iliyovuja mwilini, kama mzamiaji aliyeibuka upesi mno.

Je, askari waache kujifunza kulinda nchi? La! Mwaka 2004 Hispania ilikataza sona maili 50 kuzunguka visiwa hivyo. Mwaka 2013 waganga hao waliandika kwamba vifo vya namna ile havikuonekana tena pale.

Wazazi, waambieni watoto: Mungu hakutukataza kuwa na nguvu, ila ametupa akili ya kujua mahali pa kuizuia.