HAKI NA HIFADHI KWA ANAYEBUGHUDHIWA NA MTALAKA WAKE

Wananchi wanakumbushwa kuwa talaka hukata ndoa, na hukata pia amri ya mmoja juu ya mwenzake. Hata hivyo, wapo wanaoendelea kuwaandama watalaka wao kwa vitisho, matusi, kuwavizia njiani na kuwapelekea salamu za kuudhi kupitia watoto. Mateso haya hayaachi alama mwilini, na kwa hiyo hudharauliwa. Lakini humnyima mtu usingizi, afya na riziki.

Kwanza ni suala la rejea. Katika talaka ya kwanza na ya pili, mume anaweza kumrejea mkewe madhali edda haijamalizika, nayo kwa kawaida ni tohara tatu, au hadi kujifungua kwa mjamzito. Talaka ya tatu na khului hazina rejea. Wapo wanaoifanya rejea kuwa silaha: humrejea mke edda ikikaribia kwisha, kisha humwacha tena, ili asitulie wala asiolewe. Kumrejea mke kwa nia ya kumdhuru kumekatazwa katika aya ya 231 ya Suratul Baqara. Edda ikisha, mtalaka ni mtu kando.

Mwenye shaka juu ya talaka yake, au mwenye madai ya matunzo na malezi ya watoto, afike Mahakama ya Kadhi, inayoongozwa na Sheria Namba 9 ya mwaka 2017. Wasiokuwa Waislamu hupeleka madai yao katika mahakama za kawaida.

Pili, ifahamike kuwa kutishia kumdhuru mtu ni jinai chini ya Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2018, hata kama aliyetishiwa alikuwa mke au mume wa mtishaji. Vitisho vya simu vinaguswa pia na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar. Kifungu cha 23 kinakataza kumpelekea mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumbughudhi au kumtia uchungu wa moyo.

Anayebughudhiwa anashauriwa asifute ujumbe wowote, asijibu tusi kwa tusi, na aandike kila tukio: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotamkwa na waliosikia. Kisha aripoti Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha Polisi. Aidha, vipo vituo vya Mkono kwa Mkono katika hospitali, ikiwemo Mnazi Mmoja, ambamo daktari, polisi na mshauri nasaha hupatikana pamoja. Mtoto anayeteswa aripotiwe kwa simu namba 116. Msaada wa kisheria hutolewa na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar.

Mwisho, masheha na watumishi wa umma wanaombwa wasimrudishe mlalamikaji nyumbani kwa kauli kwamba hayo ni mambo ya ndani. Suluhu ni kheri, lakini aliyetishiwa asilazimishwe kukaa kikao kimoja na anayemtisha. Wakuu wa ofisi nao wasimpe mtalaka wa mtumishi namba yake ya simu, zamu yake wala mahali alipohamishiwa. Sitara ya kweli ni kumhifadhi aliyedhulumiwa, si kuificha dhulma.