Neno Sugu katika Istilahi za Vidonda na Dawa

Sugu, kwa asili, ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa mara kwa mara, kama ile ya kiganja cha mshika jembe. Kutokana na maana hiyo twapata mtu sugu, yaani asiyesikia maonyo. Na siku hizi twasoma donda sugu na bakteria sugu. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba istilahi hizi mbili za mwisho zina maana mbalimbali, na kwamba kuzichanganya kwaweza kumdhuru mgonjwa.

Donda sugu ni lile likaalo wiki nyingi bila kufunga. Aghalabu chanzo chake ni kisukari, mzunguko mbaya wa damu miguuni, au kulalia upande mmoja kwa muda mrefu. Bakteria hukaa juu ya donda la namna hiyo, lakini kukaa si kushambulia. Panapotokea uvimbe, joto, usaha na maumivu yanayozidi, ndipo tusemapo kuna maambukizo. Basi donda laweza kuwa sugu na bakteria wake wasiwe sugu. Na antibiotiki peke yake haitalifunga ikiwa kisukari hakikutibiwa.

Bakteria sugu ni yule asiyeuawa na dawa ambayo huwaua wenziwe. Dawa huwamaliza walio dhaifu. Wenye kinga husalia, huzaana, na pengine hupeana chembe za urithi zenye kinga hiyo. Tena, katika donda la siku nyingi, bakteria hujifunika utando wa ute unaowakinga na dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo mwaka 1945 kwamba dozi pungufu huwafunza vijidudu kuistahimili dawa.

Sasa tuitazame lugha ya watu. Katika maduka ya dawa ya Gerezani na Kariakoo, kama kwingineko nchini, si ajabu kumsikia mteja akisema, “Mwili wangu umeizoea dawa hii, nipe kali zaidi.” Mwingine huomba “rangi mbili”, apate kufungua kapsuli na kunyunyiza unga wake kidondani. Jina hili la pili lataja vazi la dawa, si dawa yenyewe, kwani dawa nyingi tofauti huvaa rangi mbili. Kauli ya kwanza ina hatari kubwa zaidi: yaweka usugu mwilini mwa mgonjwa. Aaminiye hivyo huliona jambo hilo kuwa lake peke yake, ilhali bakteria hao waweza kumwambukiza jirani ambaye hajapata kuionja dawa hiyo.

Mpango wa kwanza wa taifa wa Tanzania kuhusu tatizo hili ulikuwa wa miaka 2017 hadi 2022. Istilahi itumiwayo na serikali, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ina sifa ya kumtaja mwenye usugu. Kinyume chake, usugu wa dawa, ufupisho upendwao na magazeti, waifanya dawa ionekane ndiyo sugu.

Kwa hiyo yafaa wafasiri, walimu na watumishi wa umma wazingatie haya:

Donda sugu: donda lisilopona kwa muda mrefu, kwa sababu yoyote.

Maambukizo ya kidonda: bakteria kushambulia nyama hai, si kuwapo tu.

Usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki: uwezo wa bakteria, wala si wa mwili, wa kuistahimili dawa.

Kuotesha usaha: kipimo cha maabara kionyeshacho ni bakteria gani aliyepo na dawa ipi yamuua.

Atakayeandika bango la zahanati na ajiulize kwanza: ni nani aliye sugu?