Safari za baiskeli mkoani Simiyu

Safari za baiskeli mkoani Simiyu ni safari za mwendo wa polepole zinazofanywa kwa baiskeli kupitia vijiji, mashamba na malisho ya Mkoa wa Simiyu, kaskazini mwa Tanzania, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Viktoria. Ndani yake kuna mambo mawili yanayotumia njia zilezile: safari za kila siku za wenyeji kwenda shambani, gulioni, shuleni au kusalimia ndugu, na matembezi ya watu wanaoendesha kwa ajili ya kupumzika na kuona nchi. Njia zenyewe nyingi ni zile zilizofunguliwa na miguu ya watu, mifugo na mikokoteni ya ng'ombe.

Jiografia

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Makao makuu yako Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa ulihesabiwa kuwa na wakazi 2,140,497. Wengi wao ni Wasukuma. Wale wa pande za Bariadi hujulikana pia kama Wanyantuzu. Jina la mkoa limetokana na mto Simiyu, unaoelekea magharibi hadi Ziwa Viktoria pamoja na tawimto lake, Duma.

Sehemu kubwa ya nchi ni tambarare yenye miinuko ya taratibu, inayokatizwa hapa na pale na majabali ya mawe ya graniti. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuendesha baiskeli isiyo na gia kwa saa nyingi bila kulazimika kushuka na kuisukuma.

Kinachoamua ugumu wa safari si mlima bali ni udongo. Wasukuma hutofautisha aina kadhaa za udongo kwa majina. Luseni ni udongo wa kichanga wa sehemu zilizoinuka. Hupitika mwaka mzima, ingawa kichanga kikiwa kirefu tairi huzama. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa sehemu za chini. Wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa, na njia huwa ngumu kama sakafu. Mvua ikinyesha hugeuka kuwa tope zito linalojaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na mwenye baiskeli hubaki kuibeba begani.

Kwa kuwa mvua nyingi hunyesha kati ya Novemba na Mei, wakati unaofaa zaidi kwa safari ni Juni hadi Oktoba. Miezi ya mwanzo ya kiangazi ndiyo pia miezi ya kuvuna na kuuza pamba, zao kuu la biashara la mkoa.

Historia

Baiskeli yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma ilipata umbo lake la kisasa nchini Uingereza mwaka 1885, ilipotolewa Rover ya John Kemp Starley. Tairi la kujazwa upepo lilifuata mwaka 1888 kwa kazi ya John Boyd Dunlop. Kabla ya hapo, mwaka 1878, Waingereza walikuwa wameshaanzisha chama cha waendesha baiskeli wa matembezi. Maeneo tambarare ya mashariki mwa Uingereza, kama Cambridgeshire na Norfolk, yakawa mahali pa kuzunguka kutoka kijiji hadi kijiji bila haraka.

Katika Usukuma baiskeli ilienea kwa sababu nyingine. Kilimo cha pamba kiliwapa wakulima fedha taslimu, hasa katika miaka ya 1950. Mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Pamoja na ng'ombe na bati la kuezekea nyumba, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo mkulima aliyepata mavuno mazuri alivinunua. Zilizojulikana zaidi ni Raleigh kutoka Uingereza, na baadaye Phoenix ya China na Hero ya India. Nchini Tanzania kwenyewe zilitengenezwa baiskeli za Swala, jijini Dar es Salaam.

Baiskeli ilifanya pia kazi ya usafiri wa abiria. Katika mji jirani wa Shinyanga baiskeli za kubeba abiria ziliitwa "daladala", jina ambalo katika miji mingine ya Tanzania ni la mabasi madogo. Kwenye mpaka wa Kenya na Uganda huduma ya namna hiyo ndiyo iliyozaa jina "bodaboda". Kadiri pikipiki za bei nafuu zilivyoongezeka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihamia kwa pikipiki, na jina la bodaboda likahama nayo.

Njia

Barabara kuu ya mkoa ni ya lami. Inatoka Mwigumbi mkoani Shinyanga, inapita Maswa na Bariadi, na kuishia Lamadi, kwenye barabara ya Mwanza–Musoma. Kwa baiskeli hugawanyika katika vipande viwili ndani ya mkoa.

Maswa hadi Bariadi ni takriban kilomita 50. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, ambao ni wa kawaida kwa baiskeli yenye mzigo mdogo, safari huchukua saa nne hadi tano pamoja na mapumziko.

Bariadi hadi Lamadi ni takriban kilomita 72, yaani siku nzima kwa asiye na haraka. Njia hii inapita Dutwa na kuteremka kuelekea ziwani. Lamadi iko karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Safari ya baiskeli huishia nje ya lango hilo, kwa kuwa wageni hutembelea hifadhi wakiwa ndani ya magari.

Waendeshaji wa matembezi hupendelea njia za udongo zinazounganisha vijiji na magulio pembeni ya lami. Huko ndiko kunakoonekana mashamba ya pamba, mahindi, mtama na viazi vitamu, mibuyu, na ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa masika ili majani yatumike kiangazi. Ngitili nyingi zilifufuliwa chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, wakati wilaya kadhaa za Simiyu ya leo zilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga.

Baiskeli na vifaa

Baiskeli ya kawaida ya Simiyu ni ya chuma, haina gia, ina mwamba wa juu na keria imara nyuma. Keria hubeba gunia la mahindi, madumu ya maji, tenga la kuku au abiria. Uzito wake hupunguza mwendo, lakini vipuri vyake hupatikana karibu kila gulio, na fundi wa kijijini huweza kunyoosha rimu au kubadilisha njiti za gurudumu chini ya mti.

Tatizo la kila siku ni pancha. Mbigili, mmea unaotambaa kando ya njia na kwenye mashamba yaliyovunwa, una mbegu zenye miiba migumu inayopenya tairi lililochakaa. Miiba ya migunga huongeza taabu. Fundi hutoa mpira wa ndani, huujaza upepo na kuuzamisha katika beseni la maji. Panapotoka mapovu ndipo penye tundu. Hupakwangua, hupaka solosheni na kubandika kiraka. Msafiri wa mbali hubeba kiraka, solosheni, pampu na mpira wa akiba.

Desturi za njiani

Anayepita kijijini kwa baiskeli huonwa na kusalimiwa, na hutarajiwa kujibu. Salamu ya Kisukuma ya asubuhi ni "Mwangaluka" na ya baada ya mchana ni "Mwadila". Anapowakuta wazee wamekaa, ni adabu kupunguza mwendo au kushuka kabisa. Makundi ya ng'ombe hupishwa; kupiga kengele katikati ya kundi huwatawanya.

Chakula kinachofaa njiani kinapatikana kwa wenyeji. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa. Vyote hukaa muda mrefu bila kuharibika.

Usalama

Hatari kubwa iko kwenye lami. Kabla ya barabara kuwekwa lami, mashimo na vumbi vilizuia magari kwenda kasi. Sasa mabasi na malori hupita haraka, huku mwendesha baiskeli akiwa pembeni na mzigo uliozidi upana wa usukani. Magari Tanzania huendeshwa upande wa kushoto, na baiskeli hukaa upande huohuo. Baiskeli nyingi hazina taa, kwa hiyo safari ya usiku ni ya hatari.

Katika vijiji vinavyopakana na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, tembo hutoka hifadhini na kuingia mashambani, hasa mazao yanapokomaa. Wenyeji huepuka kupita huko alfajiri na jioni, na mgeni hushauriwa kuuliza kabla ya kushika njia asiyoijua. Anayefika Lamadi na joto la mchana hukumbushwa kuwa maji ya kando ya ziwa yana vimelea vya kichocho.

Mashindano na hali ya sasa

Usukuma una desturi ya mbio za baiskeli, ambamo wengi hushindana kwa baiskeli zilezile za kazi baada ya kuondoa keria na madigadi. Mbio hizo zilikuwa pia sehemu ya tamasha la Simiyu Jambo Festival mjini Bariadi, pamoja na ngoma za asili. Mchezo huo nchini husimamiwa na Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA).

Matembezi ya baiskeli bado ni madogo ukilinganisha na utalii wa magari. Gari la watalii linalotoka Mwanza kwenda Serengeti huweza kupita Busega bila kusimama. Mwenye baiskeli hawezi kufanya hivyo: hununua maji, chakula, kiraka na malazi kila anapofika, na fedha hizo hubaki kijijini. Njia za udongo anazozitegemea ndizo pia zinazowafikisha wanafunzi shuleni na wagonjwa kwenye zahanati. Kivuko kizuri juu ya korongo, au ukingo mpana kando ya lami, huwafaa wote wawili, mgeni na mwenyeji.