TouchPad: bei sawa, soko hakuna
Tarehe 1 Julai 2011 kampuni ya HP ya Marekani ilitoa kompyuta kibao ya TouchPad kwa dola 499, bei ile ile ya iPad. Mfumo wake, webOS, ulitoka Palm, kampuni ambayo HP iliinunua mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2. Tatizo lilikuwa uchache wa programu. Wanunuzi walingoja programu; watengenezaji wa programu walingoja wanunuzi. Baada ya wiki saba HP iliacha kuitengeneza. Bei iliposhushwa hadi dola 99, watu waliigombania. Chombo hakikuwa kibovu, ila kwa dola 499 mnunuzi alitaka na programu. Mwekezaji, kabla ya kuweka fedha zako, hesabu kwanza programu zilizopo.