Alama Tatu Zinazosomwa Kuwa Moja

Kikokotoo cha programu ni kile kinachoweza kuhifadhi amri na kuzitekeleza kwa utaratibu uliopangwa. Aghalabu programu huandikwa kwenye kompyuta, kisha huhamishiwa kikokotooni kwa waya. Hapo huzuka swali: kwa nini kilichoandikwa hakifanani na kinachoonekana kiooni?

Tuchukue mfano wa HP 48, kikokotoo kilichotolewa na kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani mwaka 1990. Ndani yake kila alama huwakilishwa na namba kati ya 0 na 255. Lakini ASCII, orodha ya alama za kompyuta iliyochapishwa Marekani mwaka 1963, hukomea namba 127. Katika HP 48 alama ya π ni namba 135. Kwa hiyo haimo katika ASCII.

Njia iliyobuniwa ni kuiandika kwa herufi za kawaida zinazotanguliwa na mkwaju unaolalia kushoto: \pi. Mkwaju huo, ambao namba yake ni 92, huiarifu mashine kwamba herufi zinazofuata zisichukuliwe kwa maana yake ya kawaida. Ndiyo sababu tunauita alama ya kuepusha. Vivyo hivyo, mshale → huandikwa \->.

Je, mtu akitaka mkwaju wenyewe uonekane? Hana budi kuuandika mara mbili: \\pi huonekana kiooni kama \pi.

Hata hivyo, tafsiri hii hutegemea mtindo wa uhamishaji. Mtindo wa 3 hutafsiri alama zote za namba 128 hadi 255. Mtindo wa 0 hautafsiri chochote. Mwanafunzi akichagua 0, programu yake ya kukokotoa mzingo wa duara haitafanya kazi, kwani mashine imepokea alama tatu badala ya π. Amri SIZE, ambayo huhesabu alama za maandishi, itamfichulia kosa: maandishi yaliyotumwa kama "\pi" yatatoa 1 yakiwa yametafsiriwa, na 3 yasipotafsiriwa.

Kanuni hii ingali inatumika. Katika lugha ya Python, iliyomo katika baadhi ya vikokotoo vya siku hizi, "A\nB" huhesabiwa kuwa alama tatu, si nne, maana \n ni alama moja ya kuanza mstari mpya. Basi, kabla ya kuilaumu hesabu, mwanafunzi na aanze kwa kuhesabu alama.