Kriketi si Mchezo wa Kusimama

Wako wanaosema kriketi ni mchezo wa kusimama juani ukingoja chai. Kabla ya kukubali, mtazameni mchuuzi wa mkaa kule Kwala, mkoani Pwani.

Anapoinua gunia kulipandisha juu ya baiskeli, kazi inakwisha kwa sekunde 2 au 3. Misuli hutumia nguvu iliyo tayari ndani yake, iitwayo ATP, pamoja na kretini fosfati inayoirejesha upesi. Akiba hiyo hudumu kama sekunde 10 tu. Akisukuma baiskeli mlimani kwa dakika nzima, mwili huvunja sukari bila kungoja oksijeni, na mapaja huwaka moto. Tambarare, akipiga pedali taratibu, moyo na pumzi hushika kazi. Sukari na mafuta huchomwa kwa oksijeni, naye aweza kwenda saa nzima.

Mrushaji wa kriketi ni mtu wa lile gunia. Anakimbia, anarusha, basi. Lakini ova moja ina mipira 6, na kila mara anarudi akitembea. Katika kutembea huko ndimo siri ilimo, maana ni oksijeni inayoijaza tena ile akiba. Kocha anayefundisha mbio fupi peke yake, akidharau pumzi, atapata kijana ambaye mpira wake wa kwanza ni mkali na wa sita ni mlegevu. Kisha atamwita mvivu!

Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Kenya ilicheza na Australia katika Kombe la Dunia. Brett Lee, mrushaji wa kasi ya kilomita 150 hivi kwa saa, alitoa wapigaji 3 kwa mipira 3 mfululizo. Asif Karim wa Kenya, mwenye umri wa miaka 39, alikuja kwa hatua chache akiuzungusha mpira, akatoa 3 kwa mikimbio 7 tu. Kenya ilishindwa, lakini mzee yule hakuidai misuli yake kama Lee alivyoidai yake.

Hata hivyo, naye alikaa uwanjani muda mrefu, na kazi hiyo hula sukari na maji. Kijana anayetoka Kwala alfajiri kwenda kucheza Dar es Salaam kwa kikombe cha chai ya rangi ataishiwa mchana. Ale muhogo au viazi saa 2 au 3 kabla ya mchezo. Na maji apelekewe kila mapumziko, asingojewe mpaka ashikwe na kizunguzungu.